Kijiko kilichonimwagia samadi

Mara ya kwanza nilipoinua kijiko nilichokiunda mbele ya trekta, samadi nusu iliangukia boneti, nusu mapajani mwangu. Mpwa wangu, aliyekuwa chini ya mwembe, alicheka hadi akakaa chini. "Mjomba, mashine yako yapakia dereva!"

Kosa lilikuwa langu. Jeki ya kijiko, ile ya mafuta inayokiinamisha, niliifunga kwenye mkono wenyewe unaokiinua, kwa hiyo mkono ukipanda digrii 70, kijiko nacho hulala nyuma digrii 70.

Huku Pemba chuma huvuka bahari hadi kishuke Mkoani, na mfuko wangu hauruhusu kukata na kutupa. Nikachukua boksi la tende, nikakata nguzo (ile iliyosimama kwenye trekta na kushika mkono), mkono na kijiko kwa kipimo cha 1 kwa 10, nikavipigilia kwenye ubao. Misumari ndiyo iliyokuwa pini. Usiku mmoja wa kuchezea maboksi ulinifunza zaidi ya wiki mbili za kuchomelea.

Dawa ilikuwa fimbo ya chuma inayokwenda sambamba na mkono, kutoka juu ya nguzo hadi kwenye pleti ya pembetatu inayocheza kwenye goti la mkono, pale unapopinda. Jeki ya kijiko sasa inaanzia kwenye pleti hiyo. Pini mbili za nguzo zimeachana sentimita 20, na za pleti lazima ziachane 20 hizo hizo, zikielekea upande ule ule. Fimbo nayo, pini hadi pini, iwe sawa na mkono kutoka nguzo hadi goti. Mbele ya goti, jeki na mkono vinafuata mtindo huo huo. Hapo kijiko hupanda kimetulia, kama sinia la pilau linalopitishwa shughulini.

Baadaye nikagundua kuwa nguvu ni chache. Jeki za kuinulia ni mbili, kila moja ina kipenyo cha sentimita 6, na kwa presha ya kilo 150 kwa sentimita ya mraba kila moja husukuma kiasi cha kilo 4,200. Lakini zilisukuma sentimita 15 tu kutoka pini ya nguzo, na mkono una urefu wa mita 2: kilo 630 kwa jumla, na humo umo uzito wa mikono na kijiko. Nikasogeza masikio, yaani vipande vya chuma vinavyoshika pini za jeki, hadi sentimita 25, nikapata 1,050. Kijiko hakifiki juu kama zamani, ila tela langu ni fupi, sikujali.

Nyuma nimefunga pipa la zege, maana bila hilo magurudumu ya nyuma huelea.

Kikifika juu kabisa, kijiko bado huinama kidogo. Bushi, vile vibomba vinavyozunguka pini, nilizikata kutoka bomba la maji, na zimeshaanza kulika.