Maji Moto Juu ya Mwembe

Nyuma ya nyumba tuliyokulia upo mwembe ambao hakuna mtoto aliyewahi kuupanda akashuka bila kujikuna, kwa kuwa matawi yake yamekaliwa na maji moto, wale sisimizi wekundu wa pwani ambao humng'ata mtu kwanza, kisha hulirushia jeraha tindikali, na hapo ndipo jina lao linapoeleweka. Juzi niliketi na watoto wa dada yangu, mbali kidogo na shina, tukawatazama wakijenga.

Sisimizi hao hushika ukingo wa jani kwa taya na kuuvuta, kila mmoja mahali pake. Jani likikaidi, huliacha na kujaribu kwingine. Likikubali kukunjika hata kidogo, walio karibu hukimbilia papo hapo. Na ikiwa jani la pili liko mbali kuliko urefu wa mwili mmoja, basi mmoja humshika mwenzake kiunoni, naye hushikwa na wa tatu, hadi upatikane mnyororo unaovuta kama wavuvi wanavyokokota juya.

Lililowashangaza zaidi watoto ni gundi yenyewe. Sisimizi wazima hawana hariri; wenye hariri ni mabuu, yaani watoto wao ambao bado hawajaota miguu. Mfanyakazi humbeba buu mdomoni, humgusisha kwenye ukingo wa jani hili, kisha wa jani lile, huku na huku, mfano wa sindano yenye uzi mkononi mwa mshonaji. Mabuu wa sisimizi wengine wengi hujifumia kifuko kwa hariri yao. Buu wa maji moto huitoa kwa ajili ya nyumba, akakua bila kifuko.

"Mjomba, msimamizi wao yuko wapi?" aliuliza mdogo wao, akidhani kwamba malkia ndiye mtoa amri. Nilimjibu kwamba hayupo. Malkia kazi yake ni kutaga mayai katika kiota kimojawapo, ilhali viota vya jamii moja huweza kuenea miti kadhaa. Wafanyakazi, ambao wote ni majike, huongozana kwa harufu: aliyeona panzi huacha mstari wa harufu hadi kiotani, na wenzake huufuata. Wakubwa huwinda na kulinda. Wadogo hubaki ndani kulea.

Wenye minazi Unguja hunufaika nao, kwani huwashambulia kunguni wanaofyonza nazi changa hadi zikaanguka. Hata hivyo si malaika, maana huwalinda pia wadudu wanaofyonza utomvu wa mti, ili wapate umajimaji mtamu wanaoutoa.

Nilipokigusa kiota kwa ufito, walimiminika nje kwa wingi hata majani yakasikika yakichakarika kama mvua ya rasharasha, na yule mdogo alikuwa keshafika barazani kabla sijamaliza kueleza.