Siku yangu na kambare wanaofanana kama mapacha

Nikimwambia mtu nafuga kambare, jambo la kwanza anaangalia mikono yangu kama ina matope. Anawaza bwawa, nyavu, samaki wa urefu wa mkono. Kambare wangu akikua kwelikweli anafika sentimita 6, anaishi kwenye tangi la kioo, na ubavuni amevaa safu mbili za vibamba vya mfupa kama askari wa zamani. Ni wale wadogo wa Amerika Kusini waitwao Corydoras; sisi tunaowashika kila siku tunawaita kori tu. Nina matangi 19 ndani ya chumba kimoja. Nazalisha, nakuza, nauza. Wanaodhani kazi yangu ni kukaa kwenye kiti nikiangalia samaki wakiogelea ni wengi, na mama yangu mzazi ni mmojawao. Basi nimeandika siku moja, jana, kama ilivyokwenda.

Saa 11 alfajiri

Kabla ya kuwasha taa nasikiliza. Pampu ya hewa ina mngurumo wake, na bomba likichomoka mahali mngurumo unabadilika. Jana ulikuwa sawa. Usiku uliotangulia nilikuwa nimebadilisha nusu ya maji ya tangi namba 4 kwa maji baridi zaidi, nyuzi kama 4 chini ya yale ya kawaida, na wingu la mvua lilikuwa limeshatanda. Kwa kori hiyo maana yake masika yameingia. Nikamulika tochi kwa pembeni: kioo cha mbele kimejaa mayai.

Jike mmoja alikuwa hajamaliza, nikasimama kumtazama ingawa nimeshaona mara mia. Anaweka mdomo ubavuni mwa dume, wanatengeneza umbo la herufi T, wanatulia. Hapo anakunywa mbegu za dume. Ndiyo, anazinywa. Zinapita utumboni haraka na kutokea nyuma, zinayakuta mayai mawili, matatu au manne aliyoyashikilia kwa mapezi ya tumboni aliyoyakunja kama kiganja. Mwaka 1995 watafiti walilieleza hilo kwa ndugu yake, Corydoras aeneus, na mimi nikimsimulia mtu bado anadhani namtania. Kisha jike anapanda juu ya kioo, anakisugua kwa mdomo, anabandika mayai yake. Kioo hicho nilikisafisha juzi. Ni wazi hakuridhika.

Wazazi hawana huruma, wanayala mayai yao wenyewe, kwa hiyo hayakai. Nayaviringisha kwa kidole moja moja. Yai la kori ni gumu kidogo, linanata, halipasuki ukiwa na adabu. Nilipata 112. Nikayaweka kwenye kibweta chenye maji ya tangi lilelile, jiwe la hewa, na tone la dawa ya buluu iitwayo methylene blue, kuzuia ukungu.

Saa 1 mpaka saa 4 asubuhi

Kulisha, kunyonya uchafu kwa mpira, kumwaga, kujaza. Matangi 19. Mgongo wangu unajua idadi hiyo kuliko kichwa.

Kitu kimoja tu nikieleze hapa. Kila tangi lina ndoo yake, mpira wake na kikombe chake, vyote vimefungwa utepe wa rangi ya tangi hilo. Wageni hucheka, wanasema chumba kimepambwa kama harusi. Mwenye kucheka hajalijua tangi namba 12. Tutalifikia.

Saa 5

Saa 5 ilikuwa saa ya kuvuna Artemia. Ni vijidudu vya maji ya chumvi. Mayai yake unayaweka kwenye chupa yenye hewa na joto la nyuzi 28, baada ya kama saa 24 yameanguliwa, na unatakiwa kuwavuna upesi, maana kinachowafanya wawe chakula bora ni kiini walichozaliwa nacho tumboni, na kila saa inayopita wanakila wao wenyewe. Vifaranga wa tangi namba 9, wa siku sita, hula hicho. Nilikuwa nimeshashika kichujio cha kitambaa mkononi, mlango ukagongwa.

Mzee mmoja, nadhifu, kofia kichwani, mfuko wa plastiki mkononi. Mfuko unadondosha maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Nimeambiwa wewe ndiye unayewajua hawa. Nimekuletea julii wangu, nataka wenzao sita."

Julii ni aina moja ya kori. Sikusikia vizuri hata hayo, macho yangu yalikuwa kwenye mfuko. Kori ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la kifuani, na mwingine mgongoni. Akiogopa anaisimamisha na kuikaza. Mfuko mmoja hautoshi, unahitaji miwili, na pembe zake uzifunge ili samaki asibanwe pale. Hawa walikuwa wamewekewa mmoja, umetobolewa, na maji yaliyobaki yalikuwa na povu juu. Povu lile silipendi hata kidogo. Kori akitaabika sana anatoa sumu, na ndani ya mfuko sumu hiyo inamrudia mwenyewe na wenzake. Nikamwambia mzee asubiri, nikachota maji safi yaliyotulia, nikawahamisha. Samaki watano. Wa mwisho akanichoma kwenye kidole gumba, maumivu yakapanda mpaka kiwiko. Mzee akaniambia pole, halafu akaniuliza kama samaki hajaumia.

Walipoanza kupanda juu kumeza hewa na kushuka (kori hupumulia pia utumbo, wakifanya hivyo usiogope) nikajua wataishi. Nikamtoa mmoja kwa kikombe, kwa sababu kwenye wavu miba inanasa, nikamweka kwenye kijitangi changu chembamba cha kupigia picha.

Sasa hapa ndipo kazi yangu ilipo, na ndipo watu wananichukia.

Corydoras julii na Corydoras trilineatus ukiwaweka bega kwa bega utaapa ni watoto wa mama mmoja. Wote weupe wa fedha, wote wana doa jeusi kwenye pezi la mgongoni, wote wana mstari ubavuni. Uangalie kichwa. Julii kichwani ana madoa yaliyoachana, kila moja kivyake, kama pilipili manga iliyonyunyizwa. Trilineatus madoa yake yameungana yakawa mistari inayopinda na kurudi, kama njia za mchwa chini ya gome la mti. Hiyo ni kanuni, na kanuni ina matundu: wachanga wa trilineatus wana madoa, na wapo wakubwa ambao madoa yao hayakuungana vizuri. Kwa hiyo nauliza na asili. Julii alielezwa kisayansi mara ya kwanza na mtaalamu Steindachner mwaka 1906, kutoka vijito vya mto Parnaíba, kaskazini mashariki mwa Brazil. Trilineatus alielezwa na Cope mwaka 1872, kutoka Amazon ya Peru. Ni upande mwingine kabisa wa bara. Samaki waliovuliwa Peru hawawezi kuwa julii hata muuzaji aandike jina hilo kwa wino wa dhahabu, na wengi wanaouzwa kwa jina la julii ndio hawahawa trilineatus.

Nikamsogezea mzee kioo cha kukuzia. "Tazama kichwa, mzee wangu. Unaona njia zinavyoshikana?"

Akatazama. Akatazama tena. "Naona madoa."

Nikamchukua wa pili. Wa tatu. Kila mmoja mzee aliona madoa. Akatoa karatasi mfukoni, risiti ya aliyemuuzia, imeandikwa julii kwa herufi kubwa, akaiweka kando ya tangi kama mtu anayewasilisha ushahidi. Wa nne naye trilineatus. Wa tano akanisimamisha. Michoro ileile, doa lilelile mgongoni, lakini pua ndefu kama ya panya buku. Huyu hata trilineatus si yeye.

Nilisahau kidole, nilisahau Artemia, nikaanza kumweleza kwa furaha. Kule mitoni aina hizi zinajichanganya kundi moja, zimevaa sare moja, ili adui aliyewahi kuchomwa na mwiba wa mmoja awaogope wote. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2011 ulionyesha kwamba mara nyingi wanaovaa sare moja mahali pamoja ni wa koo tofauti, wenye pua za urefu tofauti, hawagombanii chakula kilekile. Kwa hiyo wavuvi wakitupa wavu mmoja wanatoa aina mbili wakidhani ni moja.

"Huyu anaitwa nani?"

"Kwa kumtazama tu, mzee, anaelekea kuwa leopardus. Lakini sitaandika mpaka nijue alikotoka."

"Na hawa wanne ni Corydoras trilineatus, una hakika?"

Ningenyamaza tu pale. Badala yake nikamwambia ukweli, kwamba mwaka 2024 wataalamu waliigawa jenasi ya Corydoras, yaani kundi linalobeba jina la kwanza la samaki hawa, na kwa mpangilio huo mpya hawa, pamoja na julii mwenyewe, wamehamia jenasi ya Hoplisoma. Ndiyo maana matangi yangu yana lebo mbilimbili.

"Yaani hata Corydoras si Corydoras?"

"Kwa mpangilio mpya, ndiyo mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikampa kiti. "Sasa binti, wewe na yule aliyeniuzia mna tofauti gani?"

Iliniuma. Nikamshika mkono nikampeleka tangi namba 12.

Ndani yake wamo samaki 23, wazuri, wanene, hawana lebo wala hawauzwi. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na julii halisi, sita, asili yao naijua mpaka kijito. Walikaa tangi namba 7. Siku moja nikiwa nimechoka nikahamisha kichujio cha sifongo kutoka tangi la trilineatus kukipeleka namba 7. Kwenye sifongo kulikuwa na mayai. Sikuangalia. Vifaranga wakaanguliwa, wakakua katikati ya wale, madoa yao ya utotoni yakanidanganya. Nilikuja kugundua mwaka mmoja baadaye, kizazi cha pili kikiwa kinaogelea na hakuna anayeweza kuniambia nani ni nani. Wakubwa wale sita wamekufa kwa uzee. Nikakusanya wote waliobaki nikawaleta hapa. Julii sina tena.

Nilitegemea mzee atanielewa. Akainama, akagusa kioo. "Hawa ndio wazuri. Huyu hapa ana madoa hasa. Niuzie hawa sita."

"Hawauzwi mzee."

"Nakupa mara mbili."

"Hawauzwi, mzee wangu. Ukiwazalisha utampa jirani, jirani atampa mwenzake, na wote watasema ni julii."

"Kwani samaki anajijua jina?"

Tukalizungushana hilo, Mungu ndiye shahidi, muda wa kuivisha maharage. Kwa mzee huwezi kupandisha sauti. Unatabasamu, unasema ndiyo mzee, unarudia palepale. Mwishowe akakubali trilineatus sita wa tangi namba 5: wanne wembamba ukiwatazama kutoka juu, ndio madume, na wawili wenye mbavu pana, majike. Nikawafunga mifuko miwili miwili. Wale watano wake nao nikawafunga upya bure. Nikamwambia yule mwenye pua ndefu amtenge. Akaitikia, kwa namna ile ambayo watu huitikia wakiwa wameshashika kitasa cha mlango.

Mchana, kama saa 9

Au saa 9 na nusu. Artemia walikuwa wamechoka kuliko mimi, nusu wamezama chini ya chupa. Niliwavuna hivyohivyo. Vifaranga wa namba 9 matumbo yao yalikuwa yamebonyea, unaona mpaka upande wa pili. Walipokula matumbo yakawa ya rangi ya chungwa, nikakaa sakafuni nikawaangalia. Hapo mama akapita mlangoni. "Unaona? Umekaa tu." Sikujibu.

Nilianzisha chupa nyingine ya Artemia, nikachemsha maji ya kuoshea vikombe, nikala nimesimama. Mvua ikanyesha. Pampu moja ikaanza kulialia nikaifungua, nikakuta kiwambo kimechanika, nikakibadilisha. Kidole kilikuwa kimevimba na kila kitu nilikishika kwa vidole vinne.

Usiku

Simu ikalia nikiwa naoga. Picha kutoka kwa mzee: tangi moja zuri, mchanga laini kama nilivyomwambia, na samaki 11 wote pamoja, pua ndefu katikati yao. Chini ameandika: "Julii wangu wote wamefika salama. Ahsante sana binti."

Niliandika ujumbe mrefu. Nikaufuta. Nikaandika mwingine, wa heshima zaidi, nao nikaufuta. Nilichotuma ni hiki: "Nimefurahi wamefika salama mzee wangu. Usiwalishe mpaka kesho."

Kabla ya kulala nikayapitia mayai ya asubuhi. Yaliyo hai yalikuwa yameanza kuwa ya kahawia hafifu. Yaliyokufa yamegeuka meupe kama chokaa, na yakiachwa ukungu wake unawafuata wazima. Nikayatoa kwa kijiti, tisa. Nikakata utepe wa njano, nikaandika lebo: trilineatus, tangi 4, mayai 103. Nikazima taa.

Nikaiwasha tena. Nikaenda namba 4, nikamulika sifongo ya kichujio kwa tochi, upande wa mbele, nikaigeuza nyuma. Kwenye kona ya chini lilikuwepo moja, limejibandika, la kahawia. Nililitoa taratibu, nikalipeleka kwa wenzake, nikakata 103 nikaandika 104.