Muziki Usio na Mshono Katika Mchezo wa Kompyuta

Mchezo wenyewe ni mdogo: ngalawa moja inayokwenda kushoto na kulia ikikwepa miamba. Nimeuandika kwa lugha ya programu ya Python nikitumia Pygame, maktaba (mkusanyiko wa msimbo ulio tayari) ya kutengenezea michezo, na nilipoanza niliamini kwamba muziki ungekuwa kazi rahisi kuliko zote, kwa kuwa amri zake ni mbili tu, moja ya kupakia faili na nyingine ya kulipiga. Ukiandika pygame.mixer.music.play(-1), ile hasi moja inaiagiza programu iurudie wimbo bila kikomo mpaka wewe mwenyewe uusimamishe. Ukiyaacha mabano matupu, wimbo unapigwa mara moja na kunyamaza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiweka amri hiyo ndani ya mzunguko mkuu wa mchezo, yaani sehemu ya programu inayojirudia muda wote mchezo unapoendelea. Mzunguko huo hupita mara 60 kwa sekunde, na kila ulipopita wimbo ulianza upya, hivyo kilichotoka kwenye spika kilikuwa mkwaruzo mtupu. Niliihamishia juu, kabla mzunguko haujaanza, na muziki ukapigika.

Ndipo mpwa wangu alipocheza kwa dakika chache akaniuliza, “Mjomba, mbona wimbo unajikwaa?”

Alisema kweli. Faili langu lilikuwa la MP3, na MP3 huikata sauti katika mafungu ya sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 1,152, huongeza kimya kidogo mwanzoni, kisha hulijaza fungu la mwisho kwa kimya ili litimie. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu moja ni kama milisekunde 26. Ni muda mfupi mno, lakini sikio lililokwisha kuishika ngoma hulitambua pigo lililochelewa. Niliufungua wimbo wa asili katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikautoa upya kwa muundo wa OGG Vorbis, ambao hutunza urefu kamili wa sauti, na pengo likaondoka. WAV, muundo wa sauti isiyobanwa, nayo ingefaa, ila dakika moja ya stereo ya biti 16 hula takriban megabaiti 10, na huo ni mzigo mkubwa kwa mchezo wa ngalawa moja.

Hata hivyo mshono ulisikika bado, kwa sababu mwangwi wa gitaa la mwisho ulikatwa ungali unafifia. Nilichukua mkia ule wa mwangwi nikaulaza juu ya sekunde za mwanzo za wimbo, ili kila duru ipokee masalio ya duru iliyotangulia. Duru ya kwanza kabisa haina cha kupokea, kwa hiyo niliiandika play(-1, 0.0, 2000), ambapo ile 2000 ni milisekunde: sauti hupanda polepole kwa sekunde mbili na mkia ule haujitokezi.

Kwenye kitufe cha kusitisha mchezo nimetumia pause (kusitisha) na unpause (kuendelea) badala ya stop (kusimamisha kabisa), kwani mchezaji aliyeinuka kufungua mlango anastahili kuukuta wimbo pale pale alipouacha.