Jinsi tulivyofungua upande wa kulia wa skramu

Katika raga, skramu yetu (washambuliaji wanane wa kila timu wanaposhikamana na kusukumana kugombea mpira) ilikuwa imara na mpira ulitoka safi, lakini kila namba 8, mchezaji wa nyuma kabisa ya skramu, alipouokota, flanka wa wapinzani (anayeshikamana pembeni mwa skramu) alimdaka kabla hajanyoosha mgongo.

Kwanza tulibadilisha upande wa kushambulia. Namba 9 wetu huingiza mpira kutoka kushoto, na namba 9 wa wapinzani humfuata hukohuko, hivyo kulia wanapungukiwa na mkabaji. Kisha tukamtaka propu wa kulia (mchezaji wa mstari wa mbele wa skramu), na walio nyuma yake, wazidishe msukumo wakati mpira unatulia miguuni mwa namba 8. Hapa ndipo kazi yote ilipo: flanka wa upande ule hurudishwa nyuma, na kanuni zinamlazimu abaki ameshikamana na skramu mpaka iishe. Wasukume kwa kunyooka tu. Msukumo wa mshazari huadhibiwa.

Mabeki wao, wachezaji wasio kwenye skramu, wanasimama mita 5 nyuma yake, nafasi nzuri mno kwetu. Namba 8 anamkimbilia mkabaji wa kwanza, namba 9 wetu anazunguka kwa kasi nje yake. Mkabaji akimvaa namba 8, pasi inatoka. Akimfuata namba 9, namba 8 anakwenda na mpira mwenyewe.