Maziwa ya Ndama wa Yaki

Jana mwanangu kaiona ile picha niliyoipiga Qinghai, jimbo la magharibi mwa Uchina, akauliza: "Kwa nini ndama amefungwa na mama yake yuko pale pale?" Nimelala na swali hilo.

Ilikuwa Julai 2014, kwenye malisho ya kiangazi ya Watibeti wa Amdo, eneo la huko huko, zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Safari yenyewe niiache. Alfajiri ile ndiyo yenye maneno.

Mbele ya hema ilitandazwa kamba ndefu ya singa za yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, imekazwa ardhini kwa vigingi, na vitanzi vimepangana kila hatua. Ndama huvalishwa ukosi wenye kijiti. Kijiti kikishapenyezwa kitanzini na kukingamishwa, ndama haendi popote. Wakiachwa huru usiku, mpaka kunakucha viwele vimekauka.

Bibi mwenye hema, ambaye wote tulimwita Ama, alifungua ndama mmoja. Akakimbilia kwa mama yake, akagonga kiwele kwa kichwa, akanyonya. Yaki hashushi maziwa mpaka aguswe na ndama wake. Ukimwanza mkavu anayabana na kurusha teke. Povu jeupe lilipotokeza mdomoni mwa ndama, Ama akamvuta, akamfunga karibu na mguu wa mbele wa mama yake ili mama aendelee kumlamba. Kisha akachuchumaa, ndoo ameinasa kwenye kulabu ya mkandani isimwagike mnyama akishtuka. Chuchu za yaki ni fupi mno, sentimita 2 au 3, tena kiwele kina manyoya, kwa hiyo hukamuliwa kwa ncha za vidole, si kwa kiganja. Huku anaimba, taratibu, wimbo wa mnyama yule.

Haikufika lita. Lakini maziwa hayo yana mafuta asilimia 6 hadi 7, karibu mara mbili ya ya ng'ombe wetu wa Friesian, na kama lita 15 zinatosha kilo ya siagi.

Maziwa yalikuwa bado yanatoka Ama alipomwachia ndama tena. Mwanawe, aliyekuwa akikamua wa pili, akapinga: siagi ina mnunuzi mjini. Ama akajibu kwamba majani ni ya miezi minne tu, Juni hadi Septemba. Ndama akiingia kwenye theluji amekonda, Machi haioni. Kijana naye akasema fedha za siagi ndizo zitakazonunua majani makavu ya kumvusha ndama huyo huyo. Wakaendelea kukamua, kila mmoja kwa kipimo chake.

Nilikuwa upande wa Ama, na bado niko, ingawa hoja ya kijana sijaipatia jibu. Mfugaji wa huku kwetu akiniuliza amwachie ndama kiasi gani, natazama mbavu za ndama kwanza, halafu naomba anioneshe akiba yake ya majani.