Kwani Marijani ana wimbo mmoja?

Harusi ya Neema imepita salama, na kwa mliokuwa mnauliza, ndiyo, kaka na mkwewe hatimaye walipeana mikono. Mimi badala ya kulala nawaza neno moja nililoambiwa wakati tunasubiri pilau.

Aliyeniambia ni Beni, mtoto wa kaka, yule wa redioni. Mnajua redio ya dukani kwangu haizimwi mpaka nifunike cherehani, na mchana ndipo kipindi chao cha zilipendwa kinapokuwa hewani, nyimbo za wanamuziki wa zamani kama Marijani Rajab, Mbaraka Mwinshehe na bendi ya Les Wanyika. Nikamuuliza kwa upole kabisa, "Hivi baba, kwani Marijani ana wimbo mmoja? Kila siku Zuwena. Mbaraka naye kila siku Shida. Les Wanyika, Sina Makosa, basi."

Akacheka. "Shangazi, hakuna mtu anayepiga simu kuomba wimbo asioujua." Kisha akageuka kupokea sahani yake.

Asioujua! Napiga pindo, nalisikia. Natunga uzi kwenye sindano, nalisikia. Mbaya zaidi, lina mantiki. Mwenye tangazo la magodoro analipa ili watu wasihame stesheni, na Zuwena ikilia hahami mtu. Lakini huyo asiyeujua wimbo ataujulia wapi kama si redioni? Enzi ya Radio Tanzania bendi ziliingia studio pale Dar, zikarekodi, sisi tukasikia hewani. Nyimbo nyingi hazikutoka hata kwenye santuri, zilibaki kwenye kanda za redio tu. Siku nilipousikia Georgina wa Safari Trippers, bendi aliyoimbia Marijani, kwa mara ya kwanza, nikiwa mtoto, nani alikuwa ameuomba?

Na hebu aniambie hayo mahali pengine, si hapa Morogoro. Mji huu ulikuwa na Cuban Marimba ya Salim Abdullah na Morogoro Jazz ya akina Mbaraka, na nyumbani kwetu baba alikuwa huku, mama kule, usipime. Mbaraka alikwenda na bendi mpaka Osaka kwenye maonyesho ya 1970, akaja kufa ajalini Mombasa 1979. Salim alishatangulia 1965, bendi ikashikwa na Juma Kilaza. Kilaza! Mara ya mwisho mmemsikia lini redioni? Mtu anatunga maisha yake yote, akifa anaachiwa wimbo mmoja, au hata huo hapewi. Na huo mmoja wenyewe wanaukata chemko ikianza, ile sehemu ya kuchangamka mwishoni, pale pale miguu inapoamka, eti taarifa fupi ya habari.

Basi jana nikaizima redio. Asha, mwanafunzi wangu, akadhani tumekatiwa umeme. Nikaanza kuimba mwenyewe, Kilaza, maneno nusu nayakumbuka, nusu nayabuni. Kulikuwa na mzee ameleta suruali abadilishiwe zipu, amekaa kwenye benchi kanuna kwa sababu nilimwambia asubiri. Nilipofika kwenye kiitikio akadaka sauti ya pili! Bila hata kuniangalia. Tukaenda mpaka kwenye magitaa, yeye akapiga solo kwa mdomo, Asha kakaa chini kwa kicheko. Zipu nimemwekea bure, na ninyi wateja wengine msianze.

Usiku nikamwandikia Beni: usiguse Zuwena yako, nipe Kilaza mmoja tu kwa wiki, mchana ule ule, na mtangazaji ataje bendi na mwaka, ili anayetaka kuuomba tena ajue anaomba nini. Amejibu kwa kidole gumba. Sasa kidole gumba ni "sawa shangazi" au ni "nimeona, lala"?

Halafu mwenye fremu hajaja kudai kodi, na leo tarehe tano. Yule mzee kwa kawaida tarehe mosi saa mbili ameshafika na daftari lake. Nimepiga simu mara mbili, haipatikani. Ama anaumwa, ama kauza hizi fremu na hajui atuanzie wapi.