Jinsi nilivyogundua kwa nini nusu ya chaneli zangu zilikuwa zikikata

Kwa karibu miezi miwili televisheni yetu ya nyumbani ilikuwa ikionyesha baadhi ya chaneli vizuri kabisa, huku nyingine picha zikivunjika vipande vipande, zikikwama, na mwishowe kubaki kioo cheusi chenye maandishi ya kwamba hakuna mawimbi. Hali ilizidi kuwa mbaya kila mvua iliponyesha, nami nikaitupia mvua lawama zote. Dhana hiyo ilikuwa na msingi wake, kwa sababu madishi madogo ya nyumbani mengi hupokea mawimbi ya masafa ya kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, na mvua kubwa huyanyonya na kuyatawanya mawimbi hayo yakiwa njiani kutoka kwenye setilaiti iliyo takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta. Lakini mvua ikikata mawimbi kwa namna hiyo, wingu zito likishapita picha hurudi yenyewe baada ya muda mfupi. Kwetu haikurudi hadi adhuhuri ya siku iliyofuata, jua likiwa limekwisha kuwaka kwa saa kadhaa. Dalili hiyo niliiona tangu wiki ya kwanza, na ninasikitika kwamba sikuitilia maanani.

Nilianza kwa kufungua menyu ya kisimbuzi, mahali panapoonyesha mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Nguvu ilikuwa asilimia 78 bila kutikisika, ilhali ubora ulikuwa ukiruka kutoka 0 hadi 20 na kushuka tena. Watu wengi huutazama mstari wa kwanza na kuridhika, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu kipimo cha nguvu huhesabu chochote kinachoingia kupitia waya, hata kelele tupu. Ubora ndio unaoeleza kama kisimbuzi kinaweza kuisoma taarifa iliyomo ndani ya mawimbi. Tena mawimbi ya kidijitali hayafifii polepole kama ya zamani, bali picha huwa safi mpaka ubora ushuke chini ya kiwango fulani, kisha hukatika ghafla.

Baada ya hapo nikashika spana, nikapanda kulisogeza dishi. Jambo moja nililofanya sawasawa ni kuchora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye nguzo na kwenye kibano kabla ya kulegeza nati yoyote. Dishi la sentimita 80 likikosea kwa digrii moja tu hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopokewa, na asiyeweka alama hana pa kurudia. Binti yangu alisimama dirishani akinisomea namba: "Baba, 12. Baba, 15. Imerudi 9." Tulihangaika hivyo kwa saa nzima, kushoto na kulia, juu na chini, bila kupata nafuu yoyote, nikalirudisha dishi kwenye mstari wangu na kukaza nati zote.

Jioni ile nilichukua karatasi, nikaandika chaneli moja baada ya nyingine, mbele yake masafa yake, na ile herufi ndogo ambayo kisimbuzi huionyesha kando ya masafa: V kwa mawimbi ya wima, H kwa mawimbi ya mlalo. Kwanza nilitafuta uhusiano kwenye masafa, sikuuona, kwa kuwa zilizokata zilikuwamo za juu na za chini. Nilipozitazama herufi nilinyamaza kwa muda. Kila chaneli iliyokuwa ikikata ilikuwa na H. Zenye V zote zilikuwa nzima.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza kufahamika. Kisimbuzi hupeleka umeme kwenye LNB, yaani kile kichwa kilichokaa mbele ya dishi, kupitia waya uleule unaoleta mawimbi. Kikitaka mawimbi ya wima hupeleka volti 13, na kikitaka ya mlalo hupeleka volti 18. LNB huitambua tofauti hiyo na kuchagua upande. Ikiwa volti 18 zinapungua njiani na kufika 14 hivi, LNB hudhani imeombwa mawimbi ya wima na kubaki huko, na chaneli zote za mlalo hupotea ingawa dishi limeelekezwa barabara.

Nilichukua kipima umeme, nikaufungua waya kwenye LNB na kupima ncha yake. Zilikuwa volti 17.9. Basi nikauondolea waya shaka, nikaamini LNB ndiyo iliyoharibika, na hilo lilikuwa kosa. Waya ambao haujaunganishwa na kitu chochote haupitishi mkondo wa maana, na bila mkondo kupita, kiungio kibovu hakipunguzi volti hata kidogo. Upungufu hujitokeza pale tu LNB inapokuwa inavuta umeme.

Kabla ya kununua LNB nyingine niliamua kufanya jaribio moja zaidi, na hilo ndilo ninalolipendekeza kwa moyo wote. Nilibeba kisimbuzi na televisheni ndogo hadi chini ya dishi, nikaviunganisha na LNB kwa kipande cha waya kipya cha mita 2. Chaneli zote zilifunguka, ubora ukafika asilimia 70 na kutulia. Kwa hiyo dishi lilikuwa zima, LNB ilikuwa nzima, na ubovu ulikuwa mahali fulani kwenye waya mrefu.

Nilizima kisimbuzi na kukichomoa kwenye umeme, maana ncha za waya zikigusana huku umeme unapita zinaweza kukiunguza, kisha nikaufuata waya kwa mkono kutoka ukutani. Chini ya ukingo wa paa nilikuta kiungio kilichofungwa tepu ya kawaida, iliyokwisha kuachia gundi. Nilipoibandua, maji yalidondoka. Uzi wa shaba wa katikati, ambao hupaswa kung'aa, ulikuwa umefunikwa na ukungu wa kijani na kuliwa hadi kuwa mwembamba kama sindano, na wavu unaouzunguka ulikuwa umegeuka mweusi kwa karibu shibri nzima.

Sikuutengeneza ule waya. Maji yakishaingia ndani ya kebo ya aina hii husafiri kupitia wavu wake, na kukata kipande kimoja hakusaidii sana. Nilivuta kebo mpya ya RG6, aina inayotumika kwa madishi ya nyumbani, isiyo na kiungio chochote katikati, nikafunga konekta za kubana, nikafunika ile ya nje kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na kuacha waya uning'inie kitanzi kidogo chini ya LNB ili maji yadondokee hapo badala ya kutiririka kuelekea kwenye konekta.

Siku nne baadaye ilinyesha mvua kubwa usiku. Ubora ulishuka hadi 48 ilipokuwa imepamba moto, na ilipokatika ukapanda tena hadi 70, chaneli za V na za H kwa pamoja.